Runinga imlipe mkulima wa Mbulu na Hanang

TELEVISHENI ilichelewa kufika Tanzania Bara. Wakati Zanzibar ilikuwa na kituo chake cha rangi tangu miaka ya 1970, Bara vituo binafsi vilianza mwaka 1994 na Televisheni ya Taifa (TVT) ikazinduliwa mwaka 2000. Kwa wilaya za Mbulu na Hanang mkoani Manyara, kusubiri kulikuwa kurefu zaidi kwa sababu mbili: umeme na milima.

Runinga za wakati huo, maarufu kama za chogo, zilikuwa nzito na zilikula umeme mwingi. Kijijini zilihitaji jenereta, au betri ya gari ambayo ilibidi ipelekwe mjini kuchajiwa. Ndiyo maana wengi walitazama kwa kulipa kiingilio katika vibanda vya video au kwa jirani mwenye uwezo, na mara nyingi picha ilijaa chenga.

Leo runinga bapa ya inchi 24 inaweza kutumia umeme usiozidi wati 30, kiasi kinachobebwa na paneli ya jua na betri ya kawaida. Aidha, umeme wa REA, wakala ulioanza kazi mwaka 2007, umefika katika vijiji vingi. Runinga si mali ya mwenye duka na mtumishi wa serikali pekee. Imeingia pia kwa mkulima wa vitunguu swaumu wa Mbulu na wa ngano wa Hanang.

Suala la kujiuliza ni mkulima huyo anapata nini kwa fedha aliyotoa. Ameuza mbuzi au magunia ya mahindi kununua runinga. Tangu mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa nchini Desemba 31, 2012, amelazimika kununua na king'amuzi. Mwaka 2018, ving'amuzi vya setilaiti vilipozuiwa kubeba chaneli za bure za nchini, walioumia zaidi ni walio mbali na minara ya ardhini au waliozibwa na milima.

Anachopata ni mpira, tamthilia na muziki. Si vitu vibaya. Watoto wa Kiiraqw na Kibarbaig wanakisikia Kiswahili kabla ya kuanza shule, na habari za Dodoma zinafika jioni ileile. Lakini saa za jioni ambazo wazee walizitumia kuwafunza vijana kusoma dalili za mvua na kuchagua mbegu sasa ni za runinga. Kama imechukua nafasi ya mwalimu huyo, haina budi nayo kufundisha.

Mnunuzi wa vitunguu swaumu anapofika shambani anajua bei ya Dar es Salaam. Mkulima mara nyingi anajua bei ya msimu uliopita. Wizara yenye dhamana ya biashara hukusanya bei za mazao masokoni. Bei hizo zinastahili kuwa na saa yake kwenye runinga, inayofahamika kama ilivyo saa ya taarifa ya habari.

Utabiri wa hali ya hewa nao unaotaja Manyara kwa jumla haumtoshi mkulima, maana mvua ya milima ya Mbulu si ya bonde la Yaeda Chini wala ya Basotu. Desemba 3, 2023, tope kutoka Mlima Hanang liliua watu zaidi ya 80 Katesh na maeneo ya jirani. Hakuna anayeweza kudai kwamba runinga ingelizuia, lakini tahadhari inayotaja wilaya na kata kwa jina humgusa mtu kuliko ya mkoa mzima.

Vituo vya televisheni, Mamlaka ya Hali ya Hewa na halmashauri za wilaya hizi hawana budi kukaa pamoja na kupanga vipindi hivyo. Mkulima amekwisha kununua runinga kwa jasho lake. Gharama ya kumpa taarifa inayomfaa ni ndogo kuliko hasara ya kuuza mazao gizani.