Piloti mwenye koti ya ngozi: abiria wa Mashariki aangalie nini?

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwenye uwanja mdogo wa ndege. Abiria anapandishwa kwenye balansi pamoja na valizi yake, kilo zake zinaandikwa kwenye karatasi, kisha anaenda kuketi kwenye benchi. Hapo anaona mtu mmoja mwenye shati nyeupe, tai nyeusi, na juu yake koti ya ngozi. Anazunguka ndege polepole, anaangalia magurudumu, anapitisha mkono chini ya bawa. Kwenye benchi maulizo yanaanza: "Huyu ndiye piloti, ao ni fundi?" Mwingine anacheka: "Eko motari huyu, muulize bei ya kufika Majengo."

Ulizo hilo linachekesha, lakini si la bure. Kwenye mashirika ya ndege ya Marekani mabishano haya ni ya siku nyingi. Kuna kampuni zinazoruhusu piloti avae koti ya ngozi juu ya shati na tai, na kuna zingine zinazoshikilia koti ya kitambaa yenye mistari ya dhahabu kwenye mikono, pamoja na kofia. Wanaoitetea ngozi wanasema inakinga baridi, inadumu, na ndiyo nguo ya kwanza ya kazi yao. Wanaoikataa wanasema abiria hakununua tiketi ili abebwe na mtu wa sinema. Kule, mabishano hayo yanaweza kubaki ya mitindo tu. Mashariki mwa Congo yanagusa kitu kingine. Abiria wa huku hana namna ya kujua hali ya ndege anayoipanda. Nguo ya piloti ndiyo kitu anachokiona, na anahukumu kwa hicho.

Koti ya ngozi haikuingia kwenye kazi hii kwa ajili ya urembo. Ndege za kwanza hazikuwa na paa. Piloti aliketi wazi, upepo unampiga kifuani, mafuta ya injini yanamrukia. Ngozi inazuia upepo kuliko kitambaa, na mafuta yanafutika juu yake. Wakaaji wa Kalemie wana sehemu yao katika historia hiyo ambayo haitajwi sana: mwaka 1916, wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, Wabeljiki walileta ndege ndogo za kutua majini kwenye ziwa Tanganyika. Ziliondokea upande wa Mtoa zikaenda kutupa mabomu Kigoma, iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani. Mwaka 1920, laini iliyopewa jina la mfalme Albert ilianza kuruka kutoka Kinshasa kwa kufuata mto Congo, na mwaka 1921 ikafika Kisangani, ambayo wakati ule iliitwa Stanleyville. Ndege zake zilitua juu ya mto, na piloti alikuwa nje kabisa, jua lake, mvua yake. Sababu ni ileile inayomfanya motari wa Goma leo avae jaketi nzito, na wengine waigeuze nyuma mbele ili upepo usipenye kwenye zipu.

Sare tunayoizoea leo ilikuja baadaye, na ilikuja juu ya woga wa abiria. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, kampuni ya Pan American ya Marekani ilikuwa na ndege kubwa za kutua majini, lakini wenye pesa waliogopa kupanda. Piloti wa koti ya ngozi na miwani ya upepo alifanana na mtu anayecheza na kifo. Kampuni ikamvalisha kama kapiteni wa meli: koti ya bluu nzito, kofia, mistari. Hata jina "kapiteni" lilitoka majini. Huko ndiko ilikotoka mistari minne ya kapiteni na mitatu ya msaidizi wake, ingawa kampuni zingine zinampa msaidizi miwili. Kwa hiyo anayesema koti ya ngozi inaharibu heshima ya sare akumbuke kwamba sare yenyewe ilishonwa ili kutuliza watu. Haikutengeneza injini hata moja.

Inchi hii inajua vizuri nguvu ya nguo. Katika miaka ya 1970 Mobutu alikataza suti na tai, abakosti ikachukua nafasi, na tai ilirudi shingoni mwa watu mwaka 1990 tu, alipotangaza mwisho wa chama kimoja. Air Zaïre nayo ilikuwa na sura: chui kwenye mkia wa ndege, wafanyakazi waliopigwa pasi. Abiria waliipa jina lao, Air Peut-être, yaani ndege ya labda, kwa sababu hakuna aliyejua kama itaondoka. Ilifilisika mwaka 1995.

Kisha ikaja miaka ya Antonov. Wakati wa vita na baada yake, anga ya Kivu ilijaa ndege zilizotengenezwa zamani za Muungano wa Kisovieti, na piloti wengi walitoka kule. Wakaaji wa Goma wenye umri kidogo wanawakumbuka: kaptula, tisheti, sandali, sigara mkononi. Kwenye Kilambo, upande wa Walikale, ndege zilikuwa zinatua juu ya kipande cha barabara, zinapakia kasiterite na kuileta Goma. Kuna waliosema hao ndio walikuwa mapiloti wa kweli, juu walitua mahali ambapo mwenye tai asingethubutu. Hoja hiyo ni ya hatari. Kutua barabarani mara mia hakuonyeshi kwamba ndege ni nzima. Kunaonyesha tu kwamba bado haijaanguka.

Na zimeanguka. Tarehe 15 Aprili 2008, ndege ya DC-9 ilishindwa kupaa Goma, ikapita mwisho wa uwanja na kuingia ndani ya Birere, kwenye nyumba na maduka. Watu karibu 40 walikufa, wengi wao hawakuwa wasafiri. Uwanja wenyewe ulikuwa umefupishwa na lava ya Nyiragongo tangu Januari 2002. Tarehe 8 Julai 2011, Boeing 727 ilianguka ikitaka kutua Kisangani katika hali mbaya ya hewa, na zaidi ya watu 70 walipoteza maisha. Tarehe 24 Novemba 2019, Goma tena: ndege ndogo ya Dornier 228 iliyokuwa inaelekea Beni ilianguka kwenye nyumba za watu huko Mapendo muda mfupi baada ya kuondoka. Zaidi ya watu 20 walikufa. Familia za Birere na Mapendo hazikuwa na tiketi, hazikupata hata nafasi ya kuangalia piloti amevaa nini.

Tukirudi kwenye koti yenyewe, kuna mambo mawili ya kweli ambayo mabishano ya mitindo yanayasahau.

La kwanza ni moto. Nguo ya nailoni ao polyesta ikipata moto mkali inayeyuka na kushikamana na mwili wa mtu. Sufu na pamba haziyeyuki hivyo, na ngozi ya mnyama pia. Mtu anayetakiwa kutoa wengine ndani ya ndege inayowaka ana faida kama nguo yake haimuunguzi kwanza. Upande huu koti ya ngozi inashinda koti nyingi za kitambaa cha bei rahisi. Lakini lazima iwe ngozi. Makoti mengi yanayotoka kwenye balo za mitumba, ya kung'aa na ya bei nzuri, ni plastiki iliyopakwa rangi ya ngozi, na plastiki kwenye moto inafanya kama nailoni. Kampuni ikisema "mnaruhusiwa" bila kusema koti gani, na bila kulipa, piloti mdogo wa mshahara mdogo ataenda kuichagua sokoni. Hapo ruhusa imekuwa mbaya kuliko katazo.

La pili ni kutambulikana. Mistari ya cheo iko mabegani, juu ya shati. Koti ikifungwa, mistari inapotea. Siku ya kawaida hakuna shida. Siku ambayo injini inazimika ao moshi unaingia, watu wanatafuta kwa macho nani anaamuru, na wanafuata aliye na alama. Mtu mwenye jaketi nyeusi isiyo na jina wala mstari anaweza kuwa piloti, fundi, mpakiaji, ao ndugu ya mwenye kampuni aliyepewa kiti cha bure. Koti inayobeba mistari na jina kifuani inaondoa shida hiyo. Ni kazi ya fundi wa nguo ya nusu siku.

Na baridi ipo kweli. Uwanja wa Bunia uko kwenye mita zaidi ya 1,200, wa Goma zaidi ya 1,500, wa Kavumu zaidi ya 1,700. Anayefikiri Afrika yote ni joto hajasimama pale asubuhi ya mvua. Piloti anapaswa kuizunguka ndege kabla ya kila safari: magurudumu, mafuta yanayovuja, vifuniko, mabawa. Akitetemeka atafanya haraka. Afadhali mara kumi abiria amuone na koti ya ngozi akikagua kwa dakika zake zote kuliko amuone na sare safi akikimbilia ndani. Urefu huo juu ya bahari una jambo lingine pia: hewa ni nyepesi, injini inapungua nguvu, ndege inahitaji uwanja mrefu zaidi ili ipae. Ndiyo maana zile kilo za balansi si utani, hata kama mama mwenye mifuko ya samaki anaona anaonewa.

Kwa hiyo koti ipite, ikiwa ni ngozi kweli, ikiwa na mistari na jina, na ikiwa kampuni ndiyo inayoilipa. Shida kubwa iko mahali pengine. Tangu mwaka 2006, kampuni zinazopewa kibali na Congo zimewekwa kwenye orodha ya zile zilizokatazwa kuruka katika anga ya Umoja wa Ulaya. Sababu kubwa inayotolewa haihusu nguo wala ujasiri wa mapiloti. Inahusu uwezo wa Serikali wa kukagua: nani anaangalia vitabu vya matengenezo, nani anasimamisha ndege isiyo salama, na kama akisimamisha, nani anampigia simu kutoka juu ili aiachilie. Mamlaka ya anga, AAC, ndiyo yenye kazi hiyo. RVA inasimamia viwanja, na abiria anachangia viwanja hivyo kila anapolipa Go-Pass, ambayo ilianza mwaka 2009. Analipa, lakini haonyeshwi karatasi yoyote. Mlangoni mwa ndege hakuna tangazo linalosema ilikaguliwa lini na nani. Anaonyeshwa shati nyeupe.

Jambo hili lina uzito kuliko zamani, kwa sababu njia za ardhini zimefungika. Mwenye kutoka Bunia kwenda Mahagi kwa RN27, ao Beni kwenda Kisangani kwa RN4, anahesabu matope na pia anahesabu watu wenye silaha. Tangu mapigano ya Januari na Februari 2025, wakati Goma na Kavumu zilipoingia mikononi mwa M23, ndege za kawaida za abiria ziliacha kutua kwenye viwanja hivyo viwili, na wenye kutaka kufika Kinshasa wakaanza kuzunguka kupitia Rwanda ao Uganda. Kwa aliyebaki na uwanja mmoja na kampuni mbili, ushauri wa "chagua ndege nzuri" hauna maana sana. Mwenye mgonjwa hachagui.

Bado kuna vitu vidogo ambavyo abiria anaweza kuvidai bila kugombana. Jina lake liandikwe kwenye orodha kama lilivyo kwenye kitambulisho chake, asisafiri kwa tiketi ya jina la mwingine, juu siku ya msiba familia itatafuta na haitamkuta popote. Apimwe kilo yeye na mizigo yake, na asitoe franga mia tano ili mfuko mmoja upite pembeni ya balansi. Mkanda wa kiti ufunge. Kama kuna mzigo kwenye njia ya kutokea, aseme. Katika hayo, la mfuko ndilo gumu zaidi, kwa sababu anayetoa pesa na anayezipokea wote wanafurahi, na piloti anaruka na hesabu ya uongo mkononi.

Kwenye Cessna Caravan mara nyingi hakuna mlango kati ya piloti na abiria. Aliyeketi mbele anaona yote. Piloti anaingia, anavua koti ya ngozi kwa kuwa ndani kutapata joto mara jua likitoka, anaitundika nyuma ya kiti, na mistari ya mabegani inaonekana. Kisha mfanyakazi wa chini ananyoosha mkono kupitia dirishani na kumpa ile karatasi ya kilo. Kuna mapiloti wanaoikunja na kuitia mfukoni. Kuna wengine wanaoisoma mstari kwa mstari, wanageuka kuhesabu vichwa kwa kidole, na wakikuta hesabu haitoshani wanazima injini, wanaomba mifuko ishushwe. Abiria wa nyuma wananung'unika juu wanachelewa.