Mhandisi na Kiti Chake

Katika karamu moja iliyofanywa katika mtaa wa Mangobo, kumpongeza kijana aliyepewa cheo cha kusimamia idara katika shirika ambalo sitalitaja, nilimsikia mama mmoja, dada wa babake kijana yule, akiinua mikono kumshukuru Mungu kwa maneno haya: "Mwanangu, leo Mungu amekutoa katika mafuta." Kijana akainamisha kichwa kwa adabu, akajibu, "Asante, Mama," na watu wote wakapiga makofi, nami nikapiga pamoja nao, maana furaha ya jamaa haistahili kutiwa doa, lakini usiku ule, nilipokuwa nikirudi nyumbani kwa njia isiyo na taa hata moja, maneno yale yalinisumbua mno, kwa kuwa kijana yule alikuwa miongoni mwa watu wachache sana wanaojua kuisikiliza mashine inapougua, na furaha yetu yote ilikuwa ni furaha ya kumwondoa mbele yake.

Itikadi iliyomo ndani ya maneno yale si ya mama yule peke yake. Imeenea katika mji wetu wa Kisangani, kuanzia madawati ya vyuo hadi ofisi za wakuu, nayo yasema kwamba mhandisi hukua kwa kadiri anavyojitenga na kazi ya mikono. Kwamba mwanzo hushika spana, baadaye huonyesha kwa kidole, na hatimaye hutia sahihi tu, na kwamba huyo wa mwisho, mwenye meza pana, mhuri na mlinzi mlangoni, ndiye aliyefika. Anayekutwa na umri wa miaka hamsini akiwa bado amelala chini ya mashine huhurumiwa kama mtu aliyesahauliwa na majaliwa. Mimi nasema waziwazi kwamba itikadi hii ni batili, na kwamba giza ililotuletea si dogo kuliko lile linaloletwa na uhaba wa fedha.

Tutazame kwanza maneno yenyewe, maana lugha aghalabu hukumbuka yale ambayo wenyewe wamekwisha kuyasahau. Mhandisi ni neno tulilolipokea kutoka kwa Waarabu, nao Waarabu waliipata handasa yao kutoka kwa Waajemi, ambao kwao asili yake ni andaza, yaani kipimo; hivyo mhandisi ni mtu wa vipimo, na kipimo hakichukuliwi na mtu aliyesimama mbali. Fundi ni neno letu, nalo ni ndugu wa kufunda na kufundisha, ndugu wa funzo na mwanafunzi, kiasi kwamba mtu mwenye ustadi asiyemrithisha mwingine ustadi huo amelibeba jina hilo pasipo haki. Katika maneno yote mawili sioni kiti.

Kiti kilitoka kwingine. Reli ya kutoka Stanleyville, kama mji huu ulivyoitwa zamani, hadi Ponthierville, ambayo leo ni Ubundu, ilifunguliwa mwaka 1906, kilomita 125 za chuma zilizolazwa msituni kwenye ukingo wa kushoto wa mto, ili mizigo iyakwepe maporomoko saba ambayo meli haiwezi kuyapita. Waliofyeka msitu na kubeba mataruma walikuwa Waafrika. Waliochora na kutia sahihi walikuwa Wazungu. Na mpaka baina ya makundi hayo mawili haukuwa wa elimu tu, bali ulikuwa mpaka wa rangi, uliolindwa na dola. Mwafrika aliyeruhusiwa kupanda kidogo hakupandishwa kuelekea kwenye vipimo, bali kuelekea kwenye ukarani: hata Patrice Lumumba, pamoja na akili yake yote, alipoishi hapa Stanleyville alikuwa karani wa posta. Uhuru ulipofika, tarehe 30 Juni 1960, Wakongo waliohitimu chuo kikuu hawakuzidi 30 katika nchi nzima, na uhandisi ulikuwa bado mikononi mwa Wabelgiji. Si ajabu basi kwamba baba zetu, walipoiona meza, waliuona uungwana wao uliorudishwa. Mimi siwalaumu hata kidogo. Nawalaumu wana wao, yaani sisi, kwa kuuchukua mpaka ule wa dhuluma, kuusimamisha wima, na kuuita ngazi.

Nenda kwenye maporomoko ya Tshopo, upande wa kaskazini wa mji. Pale pana kituo cha umeme kilichojengwa zama za Wabelgiji na kuanza kazi katika miaka ya 1950. Kina mashine tatu ambazo nguvu zake zote pamoja hazifiki megawati 20, nguvu iliyotosha mji ulipokuwa mdogo, na ambayo leo inaombwa kuwatosha watu wanaokadiriwa kuzidi milioni moja. Kwa miaka mingi sasa imekuwa nadra kuziona mashine hizo tatu zikizunguka zote kwa pamoja. Kila mtu mjini anajua habari za vipuri visivyofika na za chuma kilichozeeka, na habari hizo ni za kweli. Lakini mtambo mkongwe, kama mzee mgonjwa, hauishi kwa dawa pekee, bali huishi pia kwa yule anayeukesha. Mto huleta magogo na majani yanayonasa kwenye wavu wa chuma unaoingiza maji. Beringi hupata joto polepole, digrii moja leo, digrii moja wiki ijayo. Mafuta hubadilika rangi na harufu. Maji yaendayo kasi hutafuna mabapa ya chuma na kuyaachia vishimo, nayo mashine huanza kunguruma kwa sauti ambayo mgeni huiona ni ile ile ya jana, ilhali aliyeishi nayo miaka ishirini husimama ghafla katikati ya mazungumzo na kugeuza shingo. Elimu ya shingo ile haimo katika kitabu cha mtengenezaji, wala haipatikani chuoni, ingawa aliyepita chuoni akiipata huielewa kwa undani zaidi na huweza kuieleza kwa hesabu. Hupokewa kwa kusimama kando ya mwenyewe, zamu baada ya zamu.

Sasa fikiri jambo tunalolitenda. Tunamchukua yule mwenye shingo, tunamwambia, "Umefanya kazi vizuri, kwa hiyo usiifanye tena," tunampandisha ghorofani kuhesabu likizo za watu na kugawa karatasi, na mahali pake tunamweka kijana aliyetoka masomoni, mwenye akili safi na kanuni nyingi kichwani, asiye na wa kumwonyesha. Katika karakana moja nilikofanya kazi ujanani jambo hili lilifanyika mbele ya macho yangu: mtu aliyezijua pampu zetu kama watoto wake alipewa ofisi, nasi tukamshangilia, na kabla mwaka haujatimia pampu kubwa iliungua, kwa sababu ilipokuwa ikilia hakuwepo aliyejua kwamba inalia. Yeye alisikia habari hiyo kwa barua. Nakumbuka alivyoshuka ngazi mbio akiwa na viatu vyake vya ofisini, akaweka kiganja juu ya chuma kilichokwisha kupoa, asitamke neno.

Na kuna hasara nyingine isiyoonekana kwa macho, nayo ni ya kumbukumbu. Mwezi wa Juni 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipopigana humu mjini kwa siku sita, mizinga iliua raia kwa mamia, na mji ulikosa umeme na maji. Baada ya miaka mingi ya mashtaka, tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague iliihukumu Uganda kuilipa nchi yetu dola milioni 325 kwa madhara ya vita vya miaka ya 1998 hadi 2003, ambavyo mapigano yale yalikuwa sehemu yake. Lakini katika hukumu hiyo hiyo, dai lililowekwa kwa ajili ya hasara ya shirika la umeme la taifa, SNEL, lilikataliwa kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Lifikirie jambo hilo, wewe uliyesomea mitambo. Hasara ya mtambo huthibitishwa kwa kumbukumbu: ulikuwa katika hali gani jana, uko katika hali gani leo, nani alipima, kwa chombo gani, saa ngapi. Wanasheria hawawezi kuziumba kumbukumbu hizo baadaye, hata wawe mahodari namna gani. Huandikwa palepale na mtu aliye karibu, katika daftari la zamu, tena hutunzwa na mkuu anayeijua thamani yake. Kwa maoni yangu daftari lile, lenye madoa ya grisi kwenye kingo zake, ni chombo cha uongozi kuliko mhuri wowote, na mkuu asiyelifungua hata mara moja kwa juma anaongoza kitu asichokijua.

Wala itikadi hii si maradhi ya Kongo peke yake. Mwaka 1907, huko Kanada, lilikuwa likijengwa daraja la chuma juu ya mto St. Lawrence, karibu na mji wa Quebec, ambalo urefu wa nafasi yake ya kati ulikusudiwa kushinda wa madaraja yote duniani. Mhandisi mshauri, Theodore Cooper, mtu mwenye sifa kubwa katika fani yake, alikaa New York akiongoza kwa barua, wala hakukanyaga mahali pale vyuma vilipokuwa vikiinuliwa. Nafasi ya daraja ilikuwa imeongezwa urefu, na uzito wake haukuhesabiwa upya ipasavyo. Aliyekuwepo pale alikuwa mhandisi kijana, Norman McLure, ambaye alipima vyuma, akaona vinapinda, akaandika, naye akajibiwa kwa maswali. Mwishowe akapanda treni kwenda kumwona mkubwa wake ana kwa ana. Cooper alipoamini, tarehe 29 Agosti, alipeleka simu ya maandishi kuonya daraja lisiongezwe mzigo; lakini simu ile ilikwenda Phoenixville, kwenye ofisi za kampuni iliyokuwa ikilijenga daraja, nako kazini hakukusimamishwa kitu. Jioni ile daraja lilianguka mtoni, na kati ya watu 86 waliokuwa juu yake walikufa 75. Kijana alikuwa na macho pasipo amri, na mzee alikuwa na amri pasipo macho, na umbali uliokuwa baina yao ulihesabiwa na watu wote kuwa ndio heshima ya mzee.

Najua nitakavyojibiwa. Wataniuliza ni nani basi atakayekwenda Kinshasa kuomba vipuri, atakayeketi na wafadhili, atakayeandika bajeti na kuamua ugomvi wa wafanyakazi, ikiwa wahandisi wote wataganda karakanani. Swali hilo ni la haki. Kazi ya kuamrisha watu ni kazi kweli, ina uchovu wake na fadhila zake, na wapo walioumbwa kwa ajili yake. Sisemi mhandisi asiketi kitini kamwe. Lakini tazama ni nani arudiye kutoka Kinshasa na kitu mkononi. Anayesema "mitambo yetu ni mibovu, tusaidieni" husikilizwa kwa huruma na kusahauliwa kabla hajafika uwanja wa ndege. Anayesema "beringi hii, namba hii, ilipanda joto kwa kiasi hiki tangu mwezi wa tatu, na ikivunjika itaondoka na mhimili mzima" humweka msikilizaji wake mahali ambapo kukataa kuna gharama. Maneno ya namna hiyo hayatoki katika kinywa cha mtu ambaye mara yake ya mwisho kuiona mashine ilikuwa siku ya kupigwa picha pamoja na gavana.

Wageni wakija mjini huwa tunawapeleka kwa wavuvi Wagenia, kwenye poromoko la mwisho kati ya yale saba, wakatazame majiti makubwa yaliyosimikwa katika miamba, yakafungwa kwa mitambaazi ya msituni, na kutundikwa mitego ya kufumwa inayokabili mkondo wenye ghadhabu. Huwa tunawaambia kwamba hiyo ni mila. Ni mila, na ni uhandisi pia: nguzo inainamia wapi, fundo linavumilia mvuto gani, mwamba upi haudanganyi. Asubuhi moja nilikaa kuwatazama wakisimika nguzo mpya, na mzee aliyeonekana kuwa mkubwa wao, mtu wa mvi, alikuwa wa kwanza kuingia majini na wa mwisho kutoka, hakusema sana; kijana alipokosea fundo, mzee alilifungua akalifunga tena polepole, mkono wa kijana ukiwa chini ya mkono wake. Watu walimwogopa na kumpenda. Hapana aliyemhurumia kwa kulowa.

Juma lililofuata baada ya karamu ile nilirudi Mangobo, nikamkuta mama yule barazani akichagua mchele, nikamweleza haya yote kwa kadiri nilivyoweza. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akaniuliza: "Papa, na akibaki katika mafuta, nani atawalipia watoto wake shule?"

Sikuwa na jibu la kumpa, kwa kuwa amesema kweli. Katika mashirika yetu, ya umma na ya watu binafsi, mshahara hupanda pamoja na kiti na si kwa njia nyingine. Mtu aliye stadi kuliko wote mbele ya mtambo hufikia kikomo cha malipo yake akiwa bado kijana, na kila faranga ya ziada imefungiwa nyuma ya mlango wa ofisi. Basi nawauliza wakuu wanaoandika ngazi za mishahara, hapa mkoani Tshopo na huko Kinshasa: ni jambo gani linalowazuia kumwekea mhandisi wa mitambo daraja linalopanda hadi kulingana na la mkurugenzi, pasipo kumtoa karakanani, kwa sharti kwamba awe amewafunda wengine na daftari lake liwe limeandikwa? Mama yule anangoja mlangoni pake, nami nimemwahidi kwamba jibu lenu nitampelekea mwenyewe.