Inga–Kolwezi: nguzo na nyaya pekee hazitoshi

Tangu mwaka 1982, laini ya Inga–Kolwezi inapeleka umeme wa mto Kongo hadi kwenye migodi ya shaba, umbali wa kilomita karibu 1.700. Wanasiasa wakiongea juu ya umeme, wanataja mabwawa na nguzo. Mitambo ya kugeuza umeme, iliyo kwenye ncha mbili za laini hiyo, inasahauliwa. Hilo ni kosa.

Inga, mtambo unageuza umeme kuwa wa mwelekeo mmoja ili usafiri mbali. Kolwezi, mtambo mwingine unaurudisha ulivyokuwa. Kwa kawaida upande mmoja unaongoza wingi wa mkondo, mwingine unaongoza volti. Vifaa viitwavyo tiristori vinafunguliwa mara 50 kila sekunde, kila kimoja kwa wakati wake. Vikichelewa kupita kiasi upande wa Kolwezi, mkondo unashindwa kugeuka na umeme unaweza kukatika.

Ndiyo sababu pia vijiji vingi chini ya nyaya hizo vinalala gizani. Umeme wa volti 500.000 hauchotwi njiani bila kujenga kituo kingine cha kugeuza, nacho ni cha bei kali.

Basi serikali ikiahidi Inga mpya, raia waulize: mafundi gani Wakongomani wanafundishwa kuongoza mitambo hiyo? Vipuri viko wapi? Na wakaaji wa njiani watapata nini? Ahadi isiyojibu hayo haitawasha taa hata moja kijijini.