Mwalimu Naye Huchoka



Juma hili twataka kunena juu ya ugonjwa mmoja usioonekana upesi. Hauna homa wala kikohozi. Mwalimu aliyekuwa mpole huanza kufoka kwa kosa dogo. Aliyezoea kufika mapema huja kengele imekwisha kulia. Aliyesahihisha madaftari kila jioni huyaacha yarundikane mezani. Watu wakiona hayo husema, "Amekuwa mvivu," au, "Kiburi kimemwingia." Mara nyingi si uvivu wala si kiburi. Mtu huyo amechoka, na uchovu wake si wa mikono tu, ni wa moyo.

Uchovu huo una historia, na ni vema tuijue. Mwaka 1974 Serikali ilizitwaa shule za misioni. Kwa mapatano ya tarehe 26 Februari 1977 ilirudisha kwa Makanisa kazi ya kuziongoza, nayo ikabaki na wajibu wa kuwalipa walimu. Mshahara ule ulipopungua nguvu hata usitoshe chakula, walimu waligoma, na tangu miaka ya 1992 na 1993 wazazi walianza kutoa fedha zao ili madarasa yasifungwe. Mpango huo ulidumu zaidi ya miaka 25. Aliyekuwa na kitu alisoma, na mtoto wa maskini alirudishwa nyumbani.

Ndipo katika Septemba 2019 elimu ya msingi ikatangazwa kuwa bure katika shule za Serikali na zile za Makanisa zilizo chini ya mapatano, kama Katiba ya mwaka 2006 ilivyokwisha kuagiza. Tulifurahi, tena kwa haki. Serikali ilitangaza kwamba watoto zaidi ya milioni 4 waliingia au walirudi shuleni. Lakini madawati hayakuzaliana kama watoto walivyoongezeka, na vyumba vilikuwa vilevile. Mwalimu wa Lubumbashi aliyepata nyongeza kwa wazazi aliipoteza. Mwalimu wa kijijini hakuwa na nyongeza kubwa ya kupoteza, bali darasa lake lilifurika. Tena wako wale wanaoitwa walimu wapya, ambao majina yao hayajaingizwa katika orodha ya mishahara. Hao husimama mbele ya watoto kila asubuhi pasipo kupokea hata franka moja ya Serikali. Mwaka 2024, mwaka wa shule ulipoanza, walimu wa majimbo mengi waligoma wakidai dola 500 kwa mwezi.

Kudai mshahara wa haki si dhambi, na kumkalipia mwalimu kwa sababu ameudai ni kumwonea mara mbili. Hata hivyo mambo hayo yako mikononi mwa wakuu. Sisi wa parokia tuna sehemu yetu, nayo ndiyo tunayoisahau.

Tazameni siku za mshahara. Banki si jirani wa kila kijiji. Kwa sababu hiyo Caritas ya Kongo ilipewa kwa miaka kadhaa kazi ya kuwapelekea walimu mishahara mahali pasipo na banki. Mwalimu anayekaa mbali huacha darasa, hupanda baisikeli, hulala njiani, na wakati wa mvua, barabara zikiwa matope, safari ya siku mbili yaweza kuwa ya siku tano. Akifika huambiwa arudi kesho. Sehemu ya fedha huishia katika nauli na chakula, na deni la dukani lamngoja mlangoni. Kisha anaporudi mzazi humwuliza, "Mwalimu, ulikuwa wapi juma lote?" Swali hilo likiulizwa kwa dharau huumiza kuliko matope yale.

Hapa kwetu Pweto kuna jambo jingine. Vita vya Desemba 2000 viliwavusha maelfu ya watu mpaka Zambia, na katika kambi za Kala na Mwange walimu wakimbizi waliwafundisha watoto wakimbizi mpaka kambi hizo zilipofungwa mwaka 2010. Mwaka 2017 watu walivuka tena. Kwa hiyo baadhi ya wale wanaowafundisha watoto wetu wamewahi kukimbia na mtoto mgongoni. Mtoto akipiga bati kwa ghafula nje ya darasa, mwalimu wa namna hiyo hushtuka, na wanafunzi hucheka. Wanafunzi, msicheke.

Basi tufanye nini? Kuna wazazi wanaosema, "Shule sasa ni bure, mwalimu si mgeni wetu tena." Wanakosea maana ya neno hilo. Bure maana yake mtoto asifukuzwe kwa kukosa fedha. Halimwamuru mwalimu ale hewa. Kamati ya wazazi yaweza, pasipo kumtoza mtoto yeyote, kuezeka upya nyumba ya mwalimu, kumwazima kipande cha shamba, na wakati wa mavuno kukusanya mahindi au muhogo wa wale wanaopenda kutoa. Lakini neno moja nalisema kwa ukali: zawadi hizo zipitie kamati, mbele ya watu wote, zigawanywe kwa walimu wote. Kuku anayepelekwa usiku kwa mwalimu wa mwanao peke yake si msaada, ni bei ya alama. Wala wanafunzi wasipelekwe kulima shamba la mwalimu saa za masomo. Hapo tungemtibu mmoja kwa kuwaumiza wengi.

Wakuu wa shule wasome sura ya 18 ya Kitabu cha Kutoka. Yetro alimkuta Musa akiwaamua watu tangu asubuhi hata jioni, peke yake, akamwambia wazi kwamba kazi ile itamchosha yeye na watu pia. Hakumwambia aongeze bidii. Alimwonyesha namna ya kuigawa. Mkuu wa shule mwenye darasa moja la watoto 100 na jingine la 40 anaweza kupanga upya. Anaweza kutomgombeza mwalimu mbele ya wanafunzi, akamwita kando. Anaweza kufupisha mikutano ya jioni, na kuacha kudai ripoti ambazo hakuna atakayezisoma. (Ripoti hizo, kwa kweli, zingetosha kuezekea shule nzima.)

Nanyi walimu, mwenzenu akianza kujitenga, au akianza kunusa lutuku kabla ya saa sita, msimseme kwa mkuu kwanza. Mtembeleeni nyumbani. Eliya alipokimbilia jangwani akaomba afe, Mungu hakuanza kwa mahubiri. Alimwacha alale, malaika akamletea mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili, na ndipo akamwonyesha njia. Chama kidogo cha likelemba, ambacho kila mmoja hutia sehemu siku ya mshahara na mmoja hupokea yote kwa zamu, kimewaokoa walimu wengi na deni la dukani. Na Jumapili baada ya Misa, madaftari yabaki shuleni.

Tarehe 30 Aprili ni siku ya elimu katika nchi yetu, na shule huandamana kwa nyimbo. Kabla siku hiyo haijafika, kila kamati ya wazazi ikutane mara moja na kuuliza maswali mawili: ni walimu wangapi katika shule yetu hawamo katika orodha ya mishahara, na usiku huu wanakula nini? Majibu yaandikwe katika daftari, apelekewe padri wa parokia.