Usijibu "Hǎo" Kabla Hujaelewa

Juma hili katika ukurasa wetu wa lugha tunaacha kidogo Kifaransa cha watoto, kwa sababu maswali mengi yanayotufikia ni juu ya Kichina. Wengi wanatuambia: "Mwalimu, bei tunajua, hesabu tunajua, lakini masolo yanatushinda." Basi leo tuongee juu ya masolo.

Si ajabu kwamba swali hili linatoka Kolwezi. Mkataba wa Sicomines ulitiwa sahihi mwaka 2008. Mwaka 2016 Tenke Fungurume ikaingia mikononi mwa China Molybdenum. Mwaka 2021 Kamoa-Kakula, ambako Zijin ni mshirika, ikaanza kutoa shaba. Hivyo Wachina wamekuwa majirani zetu. Tunakutana nao kwenye depo za Musompo, kwenye butike za mjini, kwenye foleni ya magari. Kati yetu wako wanaowauzishia mboga na mayai, wanaowapikia, wanaowafulia nguo. Na watoto wetu wakubwa wanaenda kutafuta kazi kwao.

Kichina ambacho karibu kila mtu anaanza nacho hapa ni hiki: *kuài kuài*, haraka haraka, *guòlái*, kuja hapa, *duōshao qián*, ni feza ngapi, *bù xíng*, haiwezekani, *hǎo*, sawa. Ni maneno ya kufaa, tusiyadharau. Lakini tuyaangalie vizuri: ni amri na bei tu. Mwenye maneno hayo peke yake anaweza kutumwa na anaweza kulipwa, lakini hawezi kuuliza, hawezi kukataa kwa upole, hawezi kusema "sijaelewa".

Wazee wetu waliona jambo hilo mbele yetu. Union Minière iliundwa mwaka 1906, nayo ikaleta wafanyakazi kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Kasai na Ruanda-Urundi. Kiswahili kikawa lugha ya kazi, na Kiswahili ambacho wakubwa wengi walijifunza kilikuwa cha kuamuru: leta, beba, fanya upesi. Ni watu wa kambi waliokichukua Kiswahili hicho mpaka nyumbani, wakatia ndani yake salamu, pole, utani na mambo ya kulea watoto. Ndiyo maana leo ni lugha yetu, si lugha ya kapita.

Tuseme kwa nini jambo hili ni zito. Binti wa mama mmoja wetu alipata kazi katika butike fulani. Kila alichoambiwa alijibu *hǎo, hǎo*, kwa sababu aliogopa kuonekana hajui. Mwisho wa mwezi mshahara ukawa umekatwa. Alipouliza, akaambiwa kwamba alikubali kufanya kazi kila siku ya Mungu, na siku zile hakufika. Kweli alikubali: alisema *hǎo*. Hakudanganywa kwa neno gumu. Alikosa neno moja jepesi la kumwambia mwenziwe arudilie.

Maneno ya kujilinda

Kwa hiyo tunaanza na hayo. *Wǒ méi tīng dǒng* (soma: wo mei ting dong): nimesikia lakini sijaelewa. *Qǐng shuō màn yīdiǎn* (ching shuo man idien): tafadhali sema polepole kidogo. Na ukihitaji muda, *wǒ huíqù xiǎng yīxiǎng* (wo hui-chü shiang i-shiang): nitarudi nyumbani nifikiri. Hili la mwisho halimuumizi mtu. Si kukataa, wala si kukubali. Wenyewe wanalitumia katika maduka yao, na mwenye butike analifahamu mara moja. Kuuliza si ujinga, na kuuliza kwa adabu kunafanya mtu akuheshimu.

Ujifunze pia kusikia "hapana" iliyofichwa. Mchina akikuambia *zài shuō ba*, maana yake "tutaongea tena baadaye", mara nyingi amekataa kwa upole. Ni sawasawa na sisi tunaposema "tutaona". Mama anayengoja mlangoni siku tatu kwa sababu ya *zài shuō ba* anapoteza siku tatu.

Maneno ya utu

Hapa ndipo tulipofurahi sana tulipoanza kujifunza. Kuna maneno ya Kichina ambayo Kifaransa kinayatafsiri kwa shida, lakini Kiswahili kinayapokea kama ndugu.

*Xīnkǔ le* (shin-khu le) ni "pole na kazi". Ndani yake kuna neno la uchungu na taabu: unamwambia mtu kwamba umeona alivyojichokesha. Mwambie dereva aliyeshusha magunia, ao mlinzi aliyekesha. Utaona uso unavyobadilika.

*Màn zǒu* (man dzou), neno kwa neno "tembea polepole", linasemwa na anayebaki kwa anayeondoka. Si sisi tunaosema "Wende muzuri"? Usiliseme wewe unayeondoka, maana itakuwa kama kumwambia mwenye nyumba aende muzuri huku yeye anakaa.

*Máfan nǐ le* (mafan ni le) ni "nimekusumbua". Linasemwa mtu akikusaidia, ao unapotaka kumwomba jambo. Lina upole kuliko *xièxie*, aksanti, ambalo watu waliozoeana hawalirudilii kila mara. Ukisema *xièxie* mara kumi kwa jirani unamzoea, anaweza kuhisi kwamba unamweka mbali.

Na salamu? *Nǐ hǎo* ni salamu nzuri ya siku ya kwanza. Lakini watu wanaojuana wanasalimiana kwa kutaja wanachokiona, kama sisi tunavyoulizana "Unatoka ku soko?" bila kutaka hesabu ya kikapu. Asubuhi wanasema *zǎo* tu. Mtu akitoka kazini: *xià bān le?*, umemaliza kazi? Wazee wanauliza *chī le ma?*, umekula? Usifikiri unaalikwa bukari. Jibu *chī le*, nimekula, kisha endelea na safari yako.

Usimwite mtu kwa kidole

Kwetu mtoto hamwiti mkubwa kwa jina tupu. Ni mama, ni yaya, ni tantine, ni fundi. Wachina wana desturi hiyo hiyo. Mwanamke anayekuzidi umri kidogo ni *dàjiě* (da-jie), yaya wa kike. Mwenye umri wa mama mdogo wako ni *āyí* (a-i). Mwenye ufundi, kama dereva, mpishi ao mekanisie, ni *shīfu*, yaani fundi. Mwalimu ni *lǎoshī*. Mwenye butike ni *lǎobǎn*. Kumwita mpishi *shīfu* hakugharimu hata franka moja, na ni tofauti kabisa na kupiga kelele "Ee, Chinois!" toka ng'ambo ya barabara. Sisi wenyewe hatupendi kuitwa hivyo kwa rangi.

Sauti inayonunua na sauti inayouzisha

Kichina kina sauti nne, na alama juu ya herufi zinazionyesha: *ā* inakaa juu, *á* inapanda, *ǎ* inashuka kisha inapanda, *à* inashuka kwa nguvu. Namna hii ya kuandika kwa herufi zetu inaitwa *pinyin*, na China iliikubali mwaka 1958. Wamama wasiogope. Anayesema Kiluba tayari anatofautisha maneno kwa sauti. Na katika Lingala *moto* ni mtu, lakini ukiinua mwisho, *motó*, ni kichwa.

Mfano wa lazima kwa wanaofanya biashara: *mǎi*, sauti inayoshuka na kupanda, ni kununua; *mài*, sauti inayoshuka, ni kuuzisha. Anayecheka akumbuke Kiswahili chenyewe. Hapa Katanga "kuuza" ni kutoa feza na kuchukua kitu, ndiyo maana tunasema "kuuzisha" kwa mwenye mali. Ukifika Dar es Salaam useme "nataka kuuza kitenge", watakuuliza kitenge chako kiko wapi. Basi ukikosea *mǎi* na *mài*, usione haya. Onyesha kitu kwa mkono na useme tena.

Mkono wenyewe pia una lugha. Wachina wanahesabu mpaka kumi kwa mkono mmoja. Kidole gumba na kidole kidogo vikisimama pamoja ni sita, si mbili. Gumba na kidole cha shahada ni nane. Anayeuzisha mayai alijue hilo kabla ya kufunga bei.

Namna ya kujifunza

Sisi tuliosomea ualimu tunajua kwamba orodha ya maneno hamsini inakufa katika kaye. Neno linakaa likipata mwenzake wa kujibizana. Kwa hiyo jifunzeni wawili wawili: mmoja anauliza, mwingine anajibu, kisha mnabadilishana. Chukueni neno moja tu kwa siku, na siku hiyo litumieni mara tatu kwa mtu wa kweli. Mkipata Mchina mwenye subira, mwombeni aliseme kwenye telefone yako, ulisikilize jioni ukichuja sombe. Na mfundisheni yeye neno letu la kulipana. Akijifunza "pole na kazi" badala ya "haraka", kazi yenyewe itakuwa na uso mwingine.

Tuseme ukweli pia: maneno matamu hayaondoi mshahara mdogo, wala hayasafishi vumbi la barabara. Mkataba wa kazi usomwe na mtu anayejua kusoma lugha iliyoandikwa, kabla ya kutia sahihi. Lakini mtu anayeweza kusema "sijaelewa, sema polepole" amesimama. Hakuna tena anayeweza kusema alikubali.

Kazi ya nyumbani kwa juma hili: neno la kwanza *wǒ méi tīng dǒng*, la pili *xīnkǔ le*, la tatu *màn zǒu*. Wafundisheni na watoto wanaotafuta kazi, hasa wasichana, na mwambieni kila mmoja: *hǎo* ni neno la mwisho wa maongeo, si la mwanzo. Kwenye mkutano wetu tutajaribu wawili wawili, na mwenye kaye alete kaye.

Bakieni muzuri, mpaka juma lijalo.