MEZANI UGENINI: Samaki Asiye na Kichwa

Katika toleo lililopita niliahidi kuandika juu ya mkahawa wa samaki ulio kando ya maji huko Whitby, mji mdogo wa pwani ya Yorkshire. Ahadi ni deni, nami nalilipa, ingawa si kwa namna niliyokusudia. Jina la mkahawa sitalitaja, kwa kuwa sehemu kubwa ya kosa lililotendeka pale ni yangu mwenyewe.

Mama yangu mzazi alikuwa amekuja Leeds kututembelea kutoka Pangani, na kwa miezi miwili hakuwa ameiona bahari. Mtu aliyezaliwa mahali ambapo mto hukutana na bahari hawezi kukaa muda wote huo akitazama ukuta wa jirani. Basi Jumamosi moja tukaondoka asubuhi: Mama, mke wangu, watoto wetu wawili na mimi. Ni mwendo wa saa mbili hivi kwa gari. Tulipoteremka bandarini, Mama alisimama kimya akiutazama mto Esk ukiingia baharini, mji umegawanyika pande mbili, na ng'ambo ile kilima chenye ngazi 199 za kupandia kanisani na kwenye magofu ya nyumba ya kale ya watawa. Maji yalikuwa yamekupwa, na mashua ndogo zimelala ubavu juu ya tope.

“Hapa ni Pangani,” akasema. “Bweni ile pale. Ila wamesahau kuwasha jua.”

Nianze na mazuri. Tulipewa meza ya dirishani, nao shakwe wakipita karibu kabisa na kioo. Kaa alikuja akiwa baridi, nyama yake imechambuliwa yote na kurudishwa ndani ya gamba lake, pamoja na mkate na kipande cha limau. Mama, ambaye amechambua kaa maisha yake yote, alisifu subira ya yule aliyeketi jikoni akifanya kazi ile. Chai hakuisifu. Alisema ni maji yaliyosuuza birika.

Kisha wakaja samaki wenyewe. Watu wa huku kaskazini hupenda hadoki kuliko samaki mwingine, naye ni jamaa wa yule ambaye kamusi zetu humwita chewa, ingawa chewa tumjuaye sisi ni mwingine kabisa. Nyama yake ni nyeupe, laini, na huachana vipande vipande ukiigusa kwa uma. Huondolewa miiba, huchovywa katika rojo la unga, akazamishwa katika mafuta yanayochemka. Sahani ilikuwa imejaa hadi ukingoni. Mama aligeuza kipande chake mara mbili, akauliza, “Na kichwa wamempa nani?”

Tukacheka. Akatia siki, akaanza kula, akasema ni kitamu, lakini hakijui kama kilipata kuwa samaki. Alikuwa amefika nusu ya sahani alipoweka uma chini.

“Mwanangu, haya ni mafuta gani? Nasikia harufu ya nyama.”

Ndugu wasomaji, mimi nilikuwa nimesikia zamani kwamba mikahawa mingi ya Yorkshire hukaangia shahamu ya ng'ombe, kwa kuwa huvumilia moto mkali na kuupa unga ule ukavu na ladha waipendayo. Nilipokuwa nikiagiza chakula, swali lilinifika ulimini. Nikalimeza. Nyuma yetu palikuwa na foleni ya watu wakingoja meza, na wanangu, wanaozungumza Kiingereza cha hapa kama wenyeji, walikuwa wakinitazama. Sikutaka kuwa yule baba anayeuliza maswali. Sasa sikuwa na pa kukimbilia. Nikamwita mhudumu, mama wa makamo, nikamwuliza. Hakusita. Akajibu kwamba ni shahamu ya ng'ombe, ndivyo wafanyavyo daima, na ng'ombe hao hawakuchinjwa kwa namna tuitakayo sisi.

Mama alisukuma sahani taratibu. Nikaanza kumwambia kwamba aliyekula bila kujua hana lawama.

“Mimi sikujua,” akasema. “Wewe ulijua kwamba hujui.”

Hakupandisha sauti. Mke wangu akatazama dirishani. Ndipo binti yangu wa miaka kumi na mitatu, kwa wema wake, akataka kunitetea: “Lakini Bibi, hata dukani kwetu ndivyo wanavyokaanga. Imeandikwa ukutani.” Duka hilo ni lile la mtaani petu Leeds, ambalo kwa miaka kumi na mmoja nimekuwa nikinunua samaki kila Ijumaa, baada ya sala.

Yule mhudumu alikwenda jikoni, akarudi kutuambia kwamba wanaweza kumbanika hadoki katika sufuria safi, kwa siagi. Tulingoja dakika hamsini. Alipokuja, alikuwa ndiye samaki bora niliyepata kumla katika nchi hii, ngozi yake imekauka na lile doa jeusi la begani bado laonekana. Mama alimmaliza. Lakini ilipoletwa hesabu, tulikuta tumetozwa wa kwanza na wa pili, na juu yake asilimia kumi ya huduma. Nilipolalamika, meneja alimwondoa mmoja kwa uso uliokunjamana.

Ile asilimia ya huduma, kwa asiyejua, mara nyingi ni hiari, na huandikwa hivyo kwa herufi ndogo. Niliilipa. Tangu Oktoba 2024 sheria inamtaka mwajiri awape wafanyakazi fedha hizo zote, na yule mama alistahili.

Mtu asidhani kwamba orodha ya vyakula itamwambia kila kitu. Tangu mwisho wa mwaka 2014 mikahawa hulazimika kueleza iwapo chakula kina chochote kati ya vitu 14 viwezavyo kumdhuru mtu mwilini, kama vile karanga, maziwa, ngano, samaki na kaa. Shahamu ya ng'ombe haimo miongoni mwa vitu hivyo, wala pombe. Rojo la unga huweza kuwa limekorogwa kwa bia, na kome mara nyingi hupikwa katika mvinyo, na mchuzi wake ndio huo unaochovya mkate. Uliza hayo matatu kwa simu kabla ya kuondoka nyumbani, ambako hakuna foleni nyuma yako. Na mbaniko huagizwa tangu mwanzo.

Kabla ya kuondoka Whitby, Mama aliona dukani heringi waliopasuliwa mgongoni, wakatiwa chumvi na kufukizwa moshi wa mti wa mwaloni. Aliwanusa, akasema, “Ng'onda hao,” akanunua jozi nne kwa fedha zake mwenyewe, akakataa nilipie. Jumapili aliwapika kwa tui la nazi na bilingani, na nyumba ikanuka moshi hadi Jumatano.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda dukani kwetu. Tangazo lipo kweli, juu ya mashine ya soda, kwa herufi ambazo hata asiyevaa miwani angezisoma. Nikamwuliza mwenye duka kama anaweza kunikaangia kwa mafuta ya mimea. Akasema analo karai dogo kwa ajili hiyo, kwa wateja wanaoliomba, na kwamba siku zote alidhani mimi sijali.