Karata si Kamari

Wako wasemao kwamba kijana ashikaye karata amekwisha kuwa mcheza kamari. Sivyo, ewe msomaji. Kamari hungoja bahati. Kiini macho hutaka kazi. Anayeanza hana budi kuzishika karata 52 kwa mkono wa kushoto, kidole cha shahada mbele, vidole vitatu ubavuni, gumba juu. Kisha azichange na kuzikata kila siku mbele ya kioo, hata jicho lake mwenyewe lisione hila. Mchezesha pata-potea njiani hushika karata mbili pamoja, akatupa ya juu nawe ukadhani ni ya chini. Aijuaye hila hiyo hupita na fedha zake. Basi usiogope karata, ogopa dau.